Abiria Waliofika Mwandani

Sarambe ina serikali nzuri, na mtu akikuambia vinginevyo, muulize kwanza kama amewahi kuishi humo. Mimi nimeishi humo tangu kuzaliwa, sijawahi kutoka, na haya nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu mwenyewe, mengine kwa darubini.

Darubini ilikuwa ya chama. Chama chetu kiliitwa Chama cha Wapenda Ndege, na mimi nilikuwa katibu wake. Jina hilo lilitusumbua kidogo mwanzoni. Msajili wa Vyama alidhani tunafuga kasuku, akatuweka chini ya Wizara ya Mifugo. Hatukubisha. Kila mwaka wizara ilitutumia dawa ya kideri, nasi tukawagawia majirani wenye kuku.

Tulikuwa tukikutana juu ya paa la gesti ya Bi Ghanima binti Sefu, ng'ambo ya barabara kutoka uzio wa uwanja wa ndege wa mji mkuu. Bi Ghanima alikuwa mjane mnene, mchangamfu, mwenye sauti isiyohitaji simu. Aliyajua madege kwa mlio. Ungemkuta jikoni anakaanga maandazi, injini ikivuma kwa mbali, naye bila kuinua kichwa akasema, "Hiyo ya mizigo. Leo imechelewa."

Mpinzani wake mkubwa alikuwa Daktari Hilali Sudi, daktari wa meno, mgane, mtu mrefu na mpole ambaye mikono yake ilinukia karafuu saa zote. Bi Ghanima alikuwa mtu wa Boeing. Daktari alikuwa mtu wa Airbus. Walibishana kila jioni kama watu waliolipwa.

"Rubani ashike usukani kwa mikono miwili kama mtu mzima," Bi Ghanima alikuwa akisema. "Hicho kijiti chenu cha pembeni ni cha kuchezea gemu."

"Mimi natoa jino kwa mkono mmoja, Bi Ghanima, na wagonjwa wangu wako hai."

"Wako hai, lakini hawarudi."

Mtaa mzima ulijua kinachoendelea kati ya wale wawili, isipokuwa wao wenyewe. Na jambo jingine ambalo hatukupenda kulitaja mbele za watu ni kwamba katika chama chetu chote hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Tuliyajua madege kama mtu anavyomjua jirani tajiri: tunajua anaingia saa ngapi, anatoka saa ngapi, amebadilisha rangi ya geti, lakini sebuleni kwake hatujafika.

*

Ndipo serikali ikanunua Fahari.

Fahari lilikuwa dege kubwa, jipya, jeupe, lenye bendera yetu mkiani. Kampuni iliyoliunda sitaitaja, maana haina kosa lolote. Siku lilipowasili ofisi zilifungwa, shule zilifungwa, na hospitali nazo zilifungwa ili wagonjwa wasipitwe. Mtukufu Rais alilibusu tairi. Waziri wa Anga, Mheshimiwa Profesa Injinia Lazaro Kigulu, alipanda jukwaani akatoa hotuba ambayo mpaka leo watoto wanaikariri shuleni.

"Leo Sarambe imeota mbawa!" alisema. "Waliotucheka kwamba tunatembea kwa miguu, kesho watatutafuta chini na hawatatuona! Watainua shingo! Watauliza, hao ni akina nani? Na sisi hatutawajibu, kwa sababu tutakuwa juu mno!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Daktari Hilali alilia. Bi Ghanima alimpa ncha ya kanga yake ajipanguse, kisha akamwambia aache upuuzi.

Marubani wageni waliolileta waliagana na Waziri, wakapanda ndege ya kwao, wakaondoka. Fahari likavutwa hadi mwisho wa uwanja, likaegeshwa. Likakaa. Sisi tuliokuwa juu ya paa tukangoja liruke. Watu walisema mengi: hakuna mafuta, hakuna kipuri fulani, hakuna bima. Serikali ilieleza vizuri zaidi. Ilisema Fahari limetoka safari ndefu na linapumzika.

Likapumzika. Majani yakaota kuzunguka tairi alilobusu Rais. Mvua zikaja, zikaenda. Mwishowe kunguru wakajenga kiota ndani ya injini ya kushoto, wakataga, wakaangua.

Asubuhi moja Daktari Hilali alikuwa juu ya paa na kamera yake. Jua lilikuwa limelipiga dege ubavuni, na kunguru mmoja alikuwa anaingia kwenye injini na kijiti mdomoni, kichwa juu, kama rubani anayeingia kazini. Daktari akapiga picha. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote alizowahi kupiga. Akaituma kwenye kundi letu la WhatsApp na maneno haya chini yake: "Hatimaye, kuna anayeruka na kutua kwa wakati."

Kabla ya adhuhuri ilikuwa imefika nchi nzima.

*

Wiki hiyohiyo mbunge mmoja, ambaye hakuwa na nia mbaya, alimuuliza Waziri kama Fahari linafanya kazi. Waziri alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "napenda kulihakikishia Bunge lako tukufu kwamba ndege wetu wanaruka kila siku, asubuhi na jioni, na wanatua salama."

Wabunge waligonga meza. Sisi tulikuwa tunasikiliza redio juu ya paa. Bi Ghanima akaweka chini kikombe.

"Amesema *wanaruka*," alisema. "Hakusema zinaruka. Ndege *wetu*, wanaruka. Huyu bwana hajadanganya. Anawasema kunguru."

Tulicheka sana. Tulikuwa bado tunacheka tuliposikia mtu anapanda ngazi kwa kuhema. Alikuwa Inspekta Tumsifu Mandwa wa polisi ya mji mkuu, mtu mwema mwenye kitambi, ambaye Daktari alikuwa amemziba meno mawili.

"Daktari, nisamehe sana," alisema. "Nimetumwa."

"Nimefanya nini, Afande?"

"Umepiga picha ndege."

"Ndege yupi? Au ndege ipi?"

Inspekta akatazama karatasi aliyopewa, akaigeuza nyuma, akaigeuza tena mbele. "Hapa wameandika ndege tu," alisema, na akamfunga pingu kwa adabu, huku akimuuliza kama hazimbani.

*

Kesi ilisikilizwa mbele ya Hakimu Eufemia Lwambo, mwanamke mkavu mwenye miwani inayokaa puani kama inataka kuruka. Daktari alishtakiwa kwa kosa la kuonyesha ndege ya taifa mahali isipokuwepo. Adhabu yake ilikuwa miaka mingi, na Daktari hakuwa kijana. Nilimtazama kizimbani, mrefu, mabega yameshuka, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba jambo hili si la kucheka.

Mwendesha mashtaka alieleza kwa ufasaha. Waziri amelithibitishia Bunge kwamba ndege huruka asubuhi. Picha imepigwa asubuhi. Kwa hiyo saa hiyo ndege ilikuwa angani.

"Kama ilikuwa angani," Hakimu aliuliza, "huyu alipiga picha gani?"

"Huo ndio ubaya wenyewe wa picha hii, Mheshimiwa Hakimu."

Hakimu aliandika kitu. Kisha mwendesha mashtaka akasema serikali haina roho mbaya. Mshtakiwa akikubali kwamba alikuwa anapiga picha kunguru, na kwamba kile cheupe kilicho nyuma ya kunguru ni mandhari tu, ataachiwa aende nyumbani hivi sasa.

Daktari alifikiri.

"Mheshimiwa Hakimu," alisema, "kunguru yupo, sikatai. Lakini dege lile lina pua, lina mkia, lina namba ya usajili. Nimelipenda tangu siku lilipotua. Siwezi kuliita mandhari."

"Daktari!" Sauti ya Bi Ghanima ilitoka kwenye benchi za nyuma, na madirisha yakatikisika. "Sema mandhari, urudi nyumbani! Kuna watu wanakungoja!"

Daktari aligeuka. "Bi Ghanima, nyumbani kwangu hakuna mtu."

"Kwani nimesema nyumbani kwako?"

Mahakama nzima ilicheka, hata askari wa mlangoni. Daktari alishika ukingo wa kizimba kama mtu aliyesikia sakafu inasogea. Hakusema mandhari. Lakini hakuacha kutazama benchi za nyuma mpaka kesi ilipoahirishwa.

Iliahirishwa kwa sababu mwendesha mashtaka aliomba kuleta ushahidi usiopingika. Serikali ingelirusha Fahari hadharani, kutoka mji mkuu hadi Mwandani, na mshtakiwa mwenyewe angekuwa ndani. Akirudi, aje aseme kwa mdomo wake kama liliruka au halikuruka.

*

Mwandani ni mji wetu wa pili kwa ukubwa. Uko mbali, nyuma ya milima, na basi la kwenda huko huwaacha watu wengi njiani. Abiria wa safari ya kwanza walichaguliwa kwa makini: watumishi wa wizara, kwaya ya taifa, na sisi wa chama, ambao mwaliko wetu ulipitia Wizara ya Mifugo.

Daktari alipanda ngazi akiwa amefungwa pingu moja na Inspekta Tumsifu. Mlangoni alisimama. Inspekta akamvuta kidogo, hakwenda. Alikuwa anavuta pumzi.

"Harufu yake," alinong'ona. "Bi Ghanima, unaisikia harufu yake?"

"Naisikia," alisema Bi Ghanima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alisema kwa sauti ndogo.

Tulikaa. Tuligusa kila kitu. Bi Ghanima alifunga mkanda, akaufungua, akaufunga tena. Wahudumu wakapita kuamuru vifuniko vyote vya madirisha vishushwe, kwa usalama wa anga. Kisha sauti ikatoka juu ya vichwa vyetu: "Mabibi na mabwana, anayezungumza ni rubani wenu."

Tuliitambua sote. Alikuwa yule mtangazaji wa redio ya taifa anayesoma matangazo ya vifo. Ana sauti nzuri, ya taratibu, na abiria wengi walianza kulia kwa mazoea.

Dege likatikisika, likaanza kwenda. Kunguru wakapiga kelele upande wa kushoto. Bi Ghanima aliinamisha kichwa, akasikiliza, kisha akamwinamia Daktari.

"Hiyo si injini ya ndege," alisema. "Hiyo ni trekta. Iko gia ya pili."

"Najua," alisema Daktari. Alikuwa anatabasamu kama mtoto. "Lakini tumo ndani."

Mbele yetu Waziri Kigulu alishika kipaza sauti, akatueleza tunachopita. Tulipita juu ya mito. Tulipita juu ya misitu. Tulipita juu ya milima, na hapo trekta likaingia kwenye shimo, naye akatuomba tusiogope upepo. Mama mmoja wa kwaya alitapika. Waziri akaenda mpaka kwenye kiti chake, akamshika mkono, akamshukuru kwa niaba ya taifa.

Baada ya mzunguko mrefu dege likasimama kwa kishindo. Tukapiga makofi. Mlango ukafunguliwa, na mbele yetu palikuwa na bango jipya lenye rangi mbichi: KARIBU MWANDANI.

Tulikuwa upande wa maghala ya mizigo wa uwanja uleule. Ng'ambo ya uzio nililiona paa la gesti ya Bi Ghanima, na shuka zake kwenye kamba.

"Mwandani hiyo!" alisema Waziri. "Vuteni hewa!"

Mzee mmoja wa wizara alikuna kichwa. "Mheshimiwa, ile pale si gesti ya Bi Ghanima?"

"Mwandani nao wana gesti."

"Na zile shuka?"

"Mji wowote ulioendelea una shuka," alisema Waziri, na akaongoza msafara kwenda kukagua ghala.

*

Mpango ulikuwa turudishwe jioni ileile. Lakini trekta lilikuwa limevuta dege kubwa kuliko lenyewe, na lilipowashwa tena lilitoa moshi mweusi, likakohoa, likazima kabisa. Fundi alisema kifaa chake kinapatikana nje ya nchi.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Hatukuweza kurudi mjini bila ndege, kwa sababu redio ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba tumeondoka. Tukionekana mitaani, ingeonekana hatukuondoka. Kwa hiyo tukakaa ghalani, juu ya magunia, tukitazama nyumba zetu kupitia matundu ya uzio. Bi Ghanima alimpigia simu mpishi wake, na kikapu cha maandazi kikapitishwa chini ya waya kama msaada kutoka mji mkuu.

Waziri naye alikaa ghalani. Afanye nini? Redio ilisema yuko ziarani Mwandani na kwamba wananchi wa huko wamempokea kwa shangwe. Rais alimpigia simu, nasi tukasikia, maana Waziri alizungumza amesimama wima.

"Ndiyo, Mtukufu. Mwandani kwema, Mtukufu... Inanyesha, Mtukufu." Akanyamaza, akisikiliza. "Hata huko inanyesha? Nchi yetu ni moja, Mtukufu."

Inspekta Tumsifu alikuwa amechoka kulala amefungwa na mtu mwingine. Asubuhi alitoa ufunguo.

"Mimi ni Inspekta wa mji mkuu," alisema. "Huku ni mkoa mwingine. Sina mamlaka." Akafungua pingu, akaenda zake kutafuta chai.

Daktari alikaa akijisugua kifundo cha mkono. Bi Ghanima alikuja kukaa kwenye gunia la jirani. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikajifanya nimelala, kama anavyofanya katibu yeyote mwenye busara.

"Ile siku mahakamani," Daktari alianza. "Uliposema."

"Nilisema nini?"

"Uliposema hukusema nyumbani kwangu."

"Kama ulisikia, unaniuliza nini?"

"Nilitaka kuhakikisha kama nilisikia vizuri."

"Ulisikia vizuri," alisema Bi Ghanima. "Kula andazi."

*

Kilichomshinda Waziri kilikuwa gego. Lilianza kumuuma usiku, na kulipokucha shavu lake la kulia lilikuwa limevimba hata jicho likafumba. Hakutaka kusema. Alizunguka ghala akiwa ameshika shavu kama mtu anayesikiliza simu. Mwishowe akasimama mbele ya Daktari.

"Unatibu?"

"Natibu, Mheshimiwa. Lakini gego la namna hii linataka kiti, taa na mashine. Si vitu vya kupitisha kwenye tundu la uzio. Vyote viko kliniki kwangu."

"Kliniki iko wapi?"

Daktari akanyoosha kidole. "Pale, nyuma ya kituo cha mafuta."

Waziri akatazama. Kibao chenye picha ya jino kilionekana wazi. Ungeweza kurusha jiwe likakigonga. Lakini kilikuwa mji mkuu, na mji mkuu ulikuwa nyuma ya milima.

Alivumilia mpaka adhuhuri. Kisha, jua likiwa utosini na watu wamejaa barabarani, Mheshimiwa Profesa Injinia Lazaro Kigulu alivua koti, akamkabidhi Inspekta, akapanda uzio. Juu kabisa suruali ilinaswa, akaning'inia kidogo akipunga hewa kwa miguu. Hakuna aliyecheka. Mama muuza mahindi ya kuchoma aliinuka, akamshika mguu, akamsaidia kushuka.

"Karibu mjini, Mheshimiwa," alisema. "Mwandani kwema?"

"Kwema," alisema Waziri, kwa upande mmoja wa mdomo.

Daktari akaruka nyuma yake. Sisi wengine, kwa kuwa hakuna aliyetuambia tubaki, tukafuata, hata Bi Ghanima, ambaye Inspekta na mimi tulimsukuma kwa heshima zote.

Kliniki mimi nilishika taa. Waziri alikaa kwenye kiti, kichwa nyuma, mdomo wazi, na Daktari akasimama juu yake na sindano ya ganzi. Bi Ghanima alikuwa mlangoni.

"Muulize sasa!" alisema. "Muulize kama ndege iliruka! Sasa hivi, kabla hujampiga ganzi!"

Jicho moja la Waziri lililoweza kufumbuka lilimtazama Daktari. Miaka ya jela ya Daktari ilikuwa imelala hapo kwenye kiti, imefumbua kinywa.

"Bi Ghanima," alisema Daktari, "mgonjwa ni mgonjwa." Akamchoma ganzi taratibu, akangoja ikolee, akaling'oa gego kwa mkono mmoja, bila Waziri hata kujikunja.

Waziri alikaa. Alilitazama jino kwenye sahani ya chuma. Machozi yakamtoka.

"Halikuruka," alisema.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Halikuruka, Daktari. Tulilinunua bila rubani. Mimi nilidhani rubani huja nalo, kama dereva wa gari la kukodi. Walipoondoka wale wageni, nikaona haya kuuliza."

Daktari alimpa pamba. "Ng'ata hapa," alisema. "Usiongee kwanza."

*

Siku ya kesi ilipofika, Daktari alivaa suti yake ya harusi, akaenda mwenyewe. Karani akaita jina lake. Akasimama kizimbani. Hakimu Eufemia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mshtakiwa yuko wapi?"

"Yule pale, Mheshimiwa Hakimu," alisema mwendesha mashtaka.

"Redio ya taifa ilitangaza kwamba mshtakiwa amewasili Mwandani kwa ndege. Ni kweli au redio imesema uongo?"

"Ni kweli, Mheshimiwa Hakimu."

"Ndege imerudi?"

Mwendesha mashtaka alitazama dirishani. Kutoka hapo mkia wa Fahari ulionekana, umesimama palepale, kwenye maghala. "Bado haijarudi," alikiri.

"Basi nikisema huyu mtu yupo hapa, nitakuwa nimesema ndege haikwenda. Hilo ndilo kosa analoshtakiwa nalo yeye, na mimi sina mpango wa kumfuata kizimbani." Akagonga meza. "Mshtakiwa hayupo. Yuko Mwandani. Kesi inasimamishwa mpaka atakaporudi kwa ndege."

"Asante sana, Mheshimiwa Hakimu," alisema Daktari.

Hakimu akatazama huku na huku. "Kuna mtu amesema kitu?"

Karani akasema hajasikia.

*

Hivyo ndivyo tulivyogundua uzuri wa Mwandani. Mtoza kodi alipokuja kliniki, Daktari alimwonyesha kipande cha tiketi yake. Mtoza kodi alikisoma, akapiga saluti, akaondoka. Mimi niliitwa kwenye mkutano wa kumpongeza Rais, nikapeleka jibu kwamba niko safarini. Inspekta Tumsifu alikaa nyumbani mwezi mzima, akapanda mchicha, akaanza kucheka.

Habari zikaenea. Watu wakaanza kuulizia tiketi. Fundi akapata kifaa cha trekta, na Fahari likaanza safari za kila siku kwenda Mwandani, limejaa mpaka vyooni. Shirika letu la ndege likasifiwa kwa kutowahi kupata ajali angani. Walisafiri wafanyabiashara, kisha walimu, kisha askari kwa vikosi. Mwendesha mashtaka alisafiri. Hakimu Eufemia alisafiri na miwani yake. Watoza kodi walipanda wakiwa na sare, wakashuka upande wa maghala, wakaziweka sare kwenye mifuko, wakaruka uzio kwenda sokoni.

Daktari na Bi Ghanima walioana juu ya paa, mchana, mbele ya mtaa mzima, na shehe akatangaza kwamba ndoa imefungwa Mwandani. Waziri Kigulu alikuja na zawadi. Alikuwa amejiunga na chama, na alikuwa anajifunza kutofautisha madege kwa mikia, polepole, lakini kwa moyo. Alichokuwa bado hajakielewa, aliuliza.

Mwishowe mji mkuu ukabaki na mkazi mmoja tu kisheria, naye ni Mtukufu Rais. Siku ya uhuru alihutubia uwanjani. Tulihudhuria sote, lakini watu ambao hawapo hawawezi kupiga makofi, tukanyamaza kwa kuheshimu sheria. Alisoma hotuba mpaka mwisho. Akakunja karatasi. Akatutazama kwa muda, safu kwa safu, na nadhani alituonea wivu.

Kesho yake asubuhi alikuja uwanja wa ndege peke yake, amebeba begi lake mwenyewe. Akapanda ngazi za Fahari, akachagua kiti cha mbele, akafunga mkanda, akashusha kifuniko cha dirisha. Trekta halikuwa na dereva. Dereva naye alikuwa amejikatia tiketi ya safari ya mwisho, akalirudisha dege, na kisheria akabaki Mwandani. Rais hakujua, na hakuna aliyekuwepo wa kumwambia.

Tulimtazama kutoka juu ya paa mpaka jua likawa kali. Bi Ghanima akasema si vizuri mtu kukaa na njaa, hata akiwa nani. Akajaza chupa ya chai, akafunga maandazi kwenye kitambaa, akajifunga skafu ndogo shingoni kama wahudumu wanavyofanya, akavuka barabara. Mimi nilimbebea sinia.

Rais alikuwa ameegemea kiti, macho yamefumba, uso wake umetulia kuliko picha zake zote zilizomo maofisini. Alipokea kikombe kwa mikono miwili.

"Tunakaribia?" aliuliza.

"Bado kidogo, Mtukufu. Kuna mawingu."

"Tuko juu sana?"

Bi Ghanima akachungulia nje mlangoni. Chini ya bawa mbuzi wa mtu alikuwa anakula majani.

"Juu sana, Mtukufu," alisema.

Rais akatabasamu, akaomba aongezewe sukari.